Altrasaundi ni Msaada Mkubwa, Lakini Nani Anaangalia Namba?

Jumapili moja baada ya Misa, akina mama wawili wa jumuiya moja ya huku chini ya Mlima Meru walinijia kwa nyakati tofauti, kila mmoja na lake.

Wa kwanza ni mama kijana mwenye mimba ya kwanza. Alifungua bahasha akanionyesha picha za altrasaundi. Zilikuwa nne, zote za muda wa wiki saba tu. Nilipomwuliza ni daktari gani aliyeagiza vipimo vyote hivyo, alicheka. "Hakuna aliyeagiza, mama. Ya kwanza ilikuwa wiki ya nane, tulitaka tu kusikia moyo unavyodunda. Mpimaji akatuachia ile sauti muda mrefu, tukairekodi kwenye simu. Hizi nyingine ni mume wangu, alitaka kujua kama ni wa kiume."

Wa pili ana mimba ya wiki kama thelathini hivi. Alikuwa ametokwa damu mara mbili bila maumivu yoyote, na hakwenda popote. Kwa nini? "Mama mkwe amenikataza, mama. Wanasema ile mionzi inamchoma mtoto." Huyu hatukumwacha arudi nyumbani. Tulimpeleka hospitali siku ileile, na altrasaundi ikaonyesha kwamba kondo la nyuma lilikuwa limeziba mlango wa kizazi. Alilazwa, baadaye akajifungua kwa operesheni, na leo mama na mtoto wote wazima.

Na mtoto wa yule wa kwanza? Naye mzima kabisa, tumshukuru Mungu. Sisemi hapa kwamba zile picha nne zilimdhuru, kwa sababu sina ushahidi wa kusema hivyo. Lakini nasema kwamba mama hawa wawili walikuwa wamekosea jambo moja lilelile kwa pande mbili. Mmoja alikiogopa kipimo kama sumu, mwingine alikitumia kama picha ya harusi. Na katikati yao kuna mtu wa tatu ambaye hatumzungumzii kamwe, naye ni yule anayeshika mashine. Leo nataka tumzungumzie huyo.

SAUTI, SI MIONZI YA X-RAY

Kwanza tuondoe hofu. Altrasaundi haitumii mionzi ya X-ray. Inatumia sauti. Sikio la mwanadamu husikia sauti zenye mitetemo kati ya 20 na 20,000 kwa sekunde. Mashine ya altrasaundi inatoa sauti ya juu mno ambayo sikio haliwezi kuisikia, yaani mitetemo milioni mbili, milioni tano, hata zaidi ya milioni kumi kwa sekunde. Kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya tumbo lililopakwa jeli, ambacho wapimaji hukiita probu, ndicho kinachotuma sauti hiyo na ndicho kinachoisikiliza ikirudi.

Anayewahi kupanda Meru na kusimama ndani ya kasoko, chini ya lile genge refu, anajua mwangwi ni nini. Unaita, mwamba unakuitikia. Ukihesabu muda ambao sauti yako imechukua kwenda na kurudi, unaweza kujua mwamba uko umbali gani. Mashine hufanya hesabu hiyo maelfu ya mara kwa sekunde, kisha inachora picha.

Sauti kama hiyo ilikuwa imetumika viwandani kutafuta nyufa ndani ya vyuma kabla haijazoeleka hospitalini. Profesa Ian Donald wa Glasgow, huko Scotland, pamoja na John MacVicar na fundi Tom Brown, ndio walioandika mwaka 1958 katika jarida la Lancet jinsi walivyoitumia kuchunguza uvimbe wa tumboni na mimba. Tangu hapo watoto wengi sana duniani wamepimwa wakiwa tumboni, na hadi leo haijathibitishwa kwamba kipimo hiki, kikifanywa inavyopaswa na kwa sababu ya tiba, kimemdhuru mtoto wa binadamu.

Kwa hiyo mama mkwe asiogope. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Inasaidia kujua umri wa mimba, kutambua mapacha na kuona kasoro mapema. Na ikitokea damu, maumivu makali, au mtoto kuacha kucheza, daktari ataagiza nyingine bila kusita, na mama aende bila kusita.

LAKINI SAUTI NAYO INA NGUVU

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Tukishasikia kwamba kitu si X-ray, tunadhani hakina nguvu yoyote. Sivyo. Waulize wataalamu wa fiziotherapia. Wao hutumia sauti ya aina hiihii, kwa kiwango kikubwa zaidi, kupasha joto misuli na maungio yanayouma. Kama sauti inaweza kupasha joto goti la mzee, basi inaweza pia kupasha joto vitu vingine.

Sauti inapopita mwilini hufanya mambo mawili. La kwanza ni joto. Sehemu ya nguvu ya sauti humezwa na mwili na kugeuka joto. Mfupa humeza nyingi kuliko nyama laini, na maji humeza kidogo sana. Mtoto aliye tumboni akishaanza kuwa na mifupa, joto linaweza kupanda zaidi pale mfupa unapokutana na sauti, na ubongo uko karibu na mfupa wa kichwa.

La pili ni mtikisiko. Sauti husukuma na kuvuta. Pale penye viputo vya hewa, kusukuma na kuvuta huko kunaweza kuvivimbisha na kuvipasua, na kuumiza nyama iliyo jirani. Mtoto aliye tumboni hana hewa mapafuni, kwa hiyo kwake jambo hili lina uzito mdogo. Lakini mtoto aliyekwisha kuzaliwa ana hewa mapafuni na matumboni, na siku hizi madaktari wanapima hata mapafu ya watoto wachanga kwa altrasaundi. Hapo lazima kuwa macho.

Tena si kila aina ya altrasaundi ina nguvu sawa. Ile picha ya kawaida ya rangi ya kijivu hupitisha sauti huku na huko, haikai mahali pamoja, na nguvu yake huwa ndogo. Ile inayotoa sauti ya moyo "dufu, dufu, dufu", au inayoonyesha damu kwa rangi nyekundu na bluu, inaitwa Doppler, kwa jina la mwanasayansi wa Austria. Hii huelekeza sauti mahali pamoja, mfululizo, na kwa nguvu zaidi. Ndiyo inayoweza kupasha joto kuliko zote. Na ndiyo ile ambayo mama yetu kijana aliachiwa "muda mrefu" katika wiki ya nane, wakati mtoto ana urefu usiofikia sentimita mbili.

NAMBA MBILI PEMBENI MWA KIOO

Sasa sikiliza habari ambayo akina mama wengi hawajawahi kuambiwa. Huko Marekani, baada ya sheria ya vifaa vya tiba ya mwaka 1976, mashine za kupimia mimba zilitakiwa zisizidi nguvu ya miliwati 94 kwa kila sentimita ya mraba. Mwaka 1992 ukaja utaratibu mpya. Watengenezaji waliruhusiwa kufika hadi miliwati 720 kwa vipimo karibu vyote isipokuwa vya macho, ambavyo vilibaki chini kabisa kwenye miliwati 50. Hiyo ni karibu mara nane ya kiwango cha awali kwa mtoto wa tumboni. Sababu yake haikuwa mbaya, maana nguvu zaidi hutoa picha iliyo wazi zaidi, na picha iliyo wazi huokoa maisha.

Lakini ruhusa hiyo ilikuja na sharti. Mashine yoyote inayoweza kufikia viwango vya juu ilipaswa kuonyesha kwenye kioo chake namba mbili, ili mpimaji ajue muda wote anatumia nguvu kiasi gani. Kwa maneno mengine, ulinzi ulihamishwa kutoka kiwandani ukawekwa mikononi mwa mpimaji. Mashine zinazofuata viwango vya kimataifa zinazo namba hizo hadi leo, ziwe zimetengenezwa Japani, China, Korea au Ulaya.

Namba ya kwanza huandikwa TI, nayo ni ya joto. Ikisomeka 1, maana yake ni kwamba kwa makadirio ya mashine, nguvu inayotumika inaweza kupandisha joto la mwili mahali hapo kwa nyuzi moja ya sentigredi. Ikisomeka 2, nyuzi mbili. Ni makadirio tu, na joto halisi linaweza kuwa chini au juu ya hapo. Kwa mimba changa, hadi wiki ya kumi, mpimaji huangalia ile iliyoandikwa TIS, ya nyama laini. Baada ya hapo huangalia TIB, ya mfupa. Namba ya pili ni MI, nayo ni ya mtikisiko. Marekani hairuhusu izidi 1.9, na kwa jicho isizidi 0.23.

Wataalamu wa Uingereza wamepanga hata dakika. Kwa mimba, TI ikiwa chini ya 0.7, mpimaji afanye kazi yake kwa muda unaohitajika. Ikiwa kati ya 0.7 na 1, asizidishe dakika 60. Kati ya 1 na 1.5, dakika 30. Kati ya 1.5 na 2, dakika 15. Kati ya 2 na 2.5, dakika 4 tu. Kati ya 2.5 na 3, dakika 1. Ikizidi 3, kipimo hicho hakishauriwi kabisa. Tazama jinsi muda unavyoporomoka kutoka saa nzima hadi dakika moja. Je, anayepima bila kutazama namba atajuaje kwamba ametoka kwenye saa na kuingia kwenye dakika?

Kuna jambo jingine la kukumbuka katika nchi yetu yenye malaria. Shirikisho la kimataifa la wataalamu wa altrasaundi lilieleza mwaka 1998 kwamba joto la mtoto lisipopanda zaidi ya nyuzi 1.5 juu ya nyuzi 37 za kawaida, hakuna sababu ya wasiwasi, na kwamba likipanda kwa nyuzi 4 kwa dakika tano au zaidi, hiyo ihesabiwe hatari. Sasa mama anapokuja na homa ya nyuzi 39, mtoto wake tayari yuko kwenye joto kabla mashine haijawashwa. Huyo apimwe kama kuna haja, lakini kwa haraka na kwa nguvu ndogo. Je, ni wangapi wanaoshika kipimajoto kabla ya kushika probu?

UCHUNGUZI UMESEMA NINI?

Mtu ataniuliza, kama hakuna madhara yaliyothibitishwa, kelele hizi za nini? Ni swali la haki, na nitalijibu kwa ukweli.

Mjini Perth, Australia, akina mama 2,834 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipimwa mara moja kama kawaida, na jingine mara tano pamoja na Doppler, kuanzia wiki ya 18 hadi ya 38. Matokeo yalitoka mwaka 1993, na katika kundi la vipimo vingi walionekana watoto wadogo kwa uzito wengi zaidi. Watu walishtuka. Watoto hao wakafuatiliwa hadi umri wa miaka minane, na taarifa ya mwaka 2004 ikaonyesha kwamba walikuwa wamekua na kujifunza sawasawa na wenzao. Hivyo tusiogope kupita kiasi. Lakini pia tusiseme kwamba kipimo kinaweza kurudiwarudiwa bila kuuliza.

Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya uchunguzi unaotuambia kwamba altrasaundi ni salama ulifanywa kwa mashine za zamani, zile zenye nguvu ndogo, kabla ya mabadiliko ya mwaka 1992. Tunazo mashine za leo, ila amani yetu tumeiazima kutoka kwenye mashine za jana. Hiyo ndiyo sababu wataalamu wa dunia nzima wameshika kanuni moja, kwamba utumie nguvu ndogo kabisa na muda mfupi kabisa unaotosha kupata jibu unalolitafuta.

Na kuna uchunguzi mwingine unaotuhusu kwa karibu. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa vijijini katika nchi tano, zikiwamo jirani zetu Kenya na Kongo. Vituo vilipewa mashine na watu wakafundishwa kupima mimba. Vifo vya akina mama na watoto havikupungua kwa sababu ya altrasaundi peke yake. Mashine huonyesha tatizo, lakini damu ya kuongeza, chumba cha operesheni na gari la wagonjwa ndivyo vinavyookoa. Anayedhani kwamba picha nyingi ni huduma bora, na ajifunze hapo.

KASORO IKO WAPI?

Kwa maoni yangu kasoro iko mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni kwa wapimaji wenyewe. Mwaka 2007 yalichapishwa Marekani majibu ya wapimaji 130, wengi wao madaktari, walioulizwa kuhusu usalama wa altrasaundi. Karibu wanane kati ya kila kumi hawakujua hata namba za TI na MI zinapatikana wapi kwenye mashine zao. Hao ni wa Marekani, nchi iliyoanzisha namba hizo. Sisi huku tuna wapimaji hodari sana, lakini tuna pia waliofundishwa kwa siku chache na kuachiwa mashine. Mara nyingi mashine hukutwa imepangwa kwa kipimo cha moyo au cha mishipa ya damu ya mtu mzima, ambacho nguvu yake ni kubwa, na mjamzito anapimwa hivyohivyo kwa sababu aliyetangulia hakurudisha mpango wa mimba. Ni kitufe kimoja tu, lakini hakikubonyezwa.

Tena ipo tabia ya kukimbilia kuongeza nguvu picha inapokuwa na giza. Turudi kasokoni kidogo. Usiposikia mwangwi vizuri una njia mbili. Unaweza kupiga kelele zaidi, au unaweza kutega sikio zaidi. Mashine nayo ina kitufe cha kupiga kelele, yaani nguvu ya kutuma, na kitufe cha kutega sikio, yaani nguvu ya kupokea. Mpimaji mwenye busara hutega sikio kwanza. Akishindwa kabisa ndipo anapaza sauti, tena kidogo kidogo. Hilo halimgharimu mtu hata senti moja.

Mahali pa pili ni biashara. Mjini kwetu vyumba vya vipimo vimeongezeka, na hilo si baya. Mama wa Ngarenanyuki au King'ori anapata unafuu. Lakini kipimo kinapouzwa kama kumbukumbu, kwa picha za sura ya mtoto na sauti ya moyo ya kuweka kwenye simu, hapo hakuna swali la tiba linalojibiwa. Pasipo swali, kipimo hakina mwisho. Mpimaji anaendelea hadi mteja aridhike. Mamlaka ya vifaa vya tiba ya Marekani imewaonya wananchi wake mara nyingi kuhusu picha za namna hiyo. Sisi tunasubiri nini?

Mahali pa tatu ni sisi wenyewe, familia za parokia. Ni nani anayemtuma mama kijana arudi mara tatu kutafuta kama ni wa kiume? Ni mume, ni bibi, ni mawifi. Mtoto ni zawadi, awe wa kike au wa kiume. Mwenye haraka ya kujua anaweza kuuliza mara moja, pale kipimo kinapofanywa kwa sababu ya tiba. Asipoonekana, na asubiri. Wazee wetu walisubiri miezi tisa na hakuna aliyezimia.

WATAKAONIPINGA

Najua baadhi ya wenzangu wa kazi watasema, "Wewe unawatisha akina mama, na tayari kuna wanaokataa kipimo." Nimelifikiri hilo sana. Lakini yule mama aliyetokwa damu hakukataa kwa sababu alielezwa mengi. Alikataa kwa sababu hakuelezwa chochote, na pengo hilo likajazwa na maneno ya mtaani. Mtu anayejua kwamba kuna namba, na kwamba kuna anayeitazama, haogopi.

Wengine watasema, "Wapimaji ni wachache na foleni ni ndefu, hatuna muda wa kutazama namba." Ndugu zangu, kutazama pembeni mwa kioo kunachukua muda sawa na kupepesa jicho. Na kanuni yenyewe inataka kipimo kiwe kifupi, kwa hiyo foleni itapungua.

Na wengine watasema sheria ipo, iachiwe sheria. Ni kweli, tuna sheria ya mwaka 2007 kuhusu wataalamu wa radiolojia na upigaji picha, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inasimamia vifaa. Lakini mkaguzi hawezi kukaa katika kila chumba kila siku. Anayekuwapo kila siku ni mpimaji na mama.

TUFANYE NINI?

Kwa mama mjamzito. Nenda kliniki mapema, na ukiambiwa upime altrasaundi, nenda. Kabla ya kupimwa uliza kwa heshima, "Daktari, tunatafuta nini leo?" Likijibiwa swali hilo, umekwisha kujua kipimo kina sababu. Kama una homa, sema. Ukiwa na mimba changa na mpimaji anataka kukusikilizisha moyo, mwambie inatosha kuuona ukidunda kwenye picha. Na kama unatokwa damu, usiulize lolote, kimbia hospitali iliyo karibu, iwe Mount Meru, St. Elizabeth, Selian au Nkoaranga.

Kwa baba. Fedha ya picha ya tatu na ya nne iweke akiba ya gari la usiku wa uchungu. Hiyo ndiyo itakayomwokoa mkeo na mwanao.

Kwa mpimaji. Kabla ya kila mjamzito, rudisha mashine kwenye mpango wa mimba. Anza na nguvu ndogo, tega sikio kwanza. Mapigo ya moyo ya mimba changa yahesabu kwa ule mstari unaochora mwendo wa moyo, si kwa Doppler. Ikilazimu kutumia Doppler kati ya wiki ya 11 na ya 14, TI isizidi 1, na kwa kawaida dakika tano hadi kumi zinatosha. Unapozungumza na mama au kuandika majibu, gandisha picha au inua probu, usiiache tumboni ikiendelea kutuma sauti. Ikiwa probu inachoma mkono wako, usiitumie, maana viwango vya kimataifa vinataka isizidi nyuzi 43 inapogusa ngozi. Na usisahau ile fetoskopu ya mkunga, ile pembe ndogo. Katika nusu ya pili ya mimba inasikia moyo bila kutuma kitu chochote kwa mtoto.

Kwa wenye hospitali na zahanati, zikiwamo za kanisa. Mashine ikinunuliwa au ikiletwa na wafadhili, isiwashwe hadi watumiaji wameonyeshwa namba hizo ziko wapi na zina maana gani. Bandikeni lile jedwali la dakika ukutani, mbele ya macho ya mpimaji. Na majibu ya kipimo yaandikwe pamoja na sababu ya kipimo. Karatasi moja ya ukutani ni bei ndogo sana kuliko mashine.

Kwa viongozi wa WAWATA na wa semina za ndoa. Jambo hili lisemwe huko, kwa lugha nyepesi, kabla ya maneno ya mtaani kuwafikia wachumba.

Mpenzi msomaji, kuuliza si ujinga. Nilimwomba yule mama kijana, atakapokwenda tena kwa sababu aliyopewa na daktari wake, atazame pembeni mwa kioo atafute herufi T na I, halafu aniambie alisoma namba gani. Wiki chache baadaye alirudi. "Mama, niliiona. Ilikuwa 0.4. Nilipomwuliza mpimaji ni nini, alinyamaza kidogo, kisha akasema ngoja nami nikasome." Mimi nilifurahi kuliko kama angekuwa na jibu tayari. Mpimaji aliyeulizwa mara moja hatasahau tena kutazama.